"Mtoto Huyu Ameshindikana": Muuguzi Anawajibu Wazazi

Utundu na tatizo la tabia vina tofauti gani?
Utundu ni wa umri, huja na kupita. Tatizo la tabia hukaa: miezi 6 au zaidi, nyumbani na shuleni pia, hadi masomo na urafiki vinaharibika.

Tumempiga mpaka tumechoka. Tufanyeje?
Acheni kumpiga. Wengi ninaowapokea kliniki ya afya ya akili wamepita njia ileile: fimbo, kuhamishwa shule, kupelekwa kijijini kwa bibi, chale kwa mganga, ndipo hospitali. Mtoto alianza kwa kutotulia tu. Akifika kwangu anadanganya, anashtuka ukiinua mkono, anakojoa kitandani.

Hata kiboko kimoja, aogope kidogo?
Hapana. Akiogopa hutulia mbele yako, ukigeuka anaendelea. Na yupo ambaye "hasikii" kwa sababu masikio yanatoka usaha tangu mwaka jana. Mwingine ukimwita anaganda sekunde chache, macho yametoka. Hiyo yaweza kuwa aina ya kifafa. Kifafa kinachapwa?

Muuguzi anafanya nini, basi?
Nauliza: alilia alipozaliwa? Amewahi kupata degedege? Analala saa ngapi? Napima uzito, naomba macho na masikio yachunguzwe, naomba barua ya mwalimu. Kisha mtoto anatoka nje, namuuliza mama kama yeye mwenyewe analala. Wengi hulia hapo. (Baba huwa "yuko kazini". Naomba aje safari ijayo.)

Atapewa dawa?
Baadhi, daktari akiona inafaa. Kwa wadogo tunaanza na ninyi: agizo moja, fupi, mkitazamana. Akitii, msifu papo hapo. Sheria iwe moja kwa baba, mama, bibi na dada wa kazi. Bibi akimpa kwa siri simu iliyokatazwa, mmerudi mwanzo.

Tusubiri akue kwanza?
Hapana, na nikiulizwa tena, hapana. Aliyebadilika ghafla, aliyekuwa mcheshi akawa mkali au hataki kabisa kubaki na mtu fulani, huenda anafanyiwa ukatili. Mlete siku hiyohiyo, au kwa Tanzania piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure. Anayejiumiza au kusema anataka kufa naye msimngoje hadi Jumatatu. Msiniambie "anadeka tu".

Njooni na kadi yake ya kliniki ya utotoni, hata kama imechanika.