Chemko: sehemu ya wimbo inayowainua watu vitini

Chemko ni sehemu ya pili ya wimbo wa muziki wa dansi, ile inayoanza waimbaji wakishamaliza beti, ambapo mapigo huongezeka kasi, maneno hupungua hadi kikabaki kiitikio kifupi kinachorudiwarudiwa, na magitaa, tarumbeta, saksafoni na tumba hushika usukani. Jina limetokana na kitenzi kuchemka, na wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam hulitumia karibu kama walitumiavyo wapishi: wimbo huinjikwa, moto ukakolea taratibu, na ukishafikia chemko hautulii tena mpaka uepuliwe.

Anayetaka kulifahamu chemko asiishie kwenye redio, bali aende baa yenye bendi usiku wa mwisho wa juma. Nusu ya kwanza ya wimbo huwakuta watu wengi wamekaa, mishkaki mezani, wakisikiliza kisa cha ndoa, deni au msiba, huku wachache wakicheza taratibu wawili wawili. Kisha mpiga drams, ambaye muda wote alikuwa akigonga ukingo wa ngoma kwa fimbo moja, huhamia kwenye matoazi, na mpiga gitaa la solo husogea mbele na kuanza kipande kifupi cha noti nne au tano, ambacho atakirudia mara nyingi akikibadilisha kidogo kidogo. Hakuna anayetangaza lolote. Sauti ya viti vya plastiki vikisukumwa nyuma kwa pamoja ndiyo tangazo lenyewe, na waliokuwa wawili wawili huachana, wakajipanga safu. Hapo ndipo pia watu hupanda kutunza, yaani kumbandika mwanamuziki noti kwenye paji la uso, naye akaendelea kupiga kana kwamba hajagundua.

Wakongo huiita sehemu hiyo sebene, na wengi hapa mjini huyatumia maneno hayo mawili kwa maana moja. Si kosa kubwa, ingawa kwa sikio langu sebene ni ufalme wa gitaa la solo, ilhali chemko la bendi kongwe za Dar es Salaam huwapa wapuliza tarumbeta na saksafoni nafasi ya kujibizana na magitaa hadi mwisho.

Jambo ambalo wageni wa muziki huu hawalioni upesi ni kwamba chemko ndipo unapokaa mtindo wa bendi. Mtindo, kwa lugha ya dansi, ni namna ya kupiga na kucheza inayoitambulisha bendi, na aghalabu jina la mtindo huishinda nguvu bendi yenyewe. Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978 na baadaye kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, hujulikana zaidi kwa jina la Sikinde. Wapinzani wao, walioanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, wakawa JUWATA, kisha OTTU, wamebadilishiwa jina kila chama kilipobadilika, lakini kwa mashabiki walibaki Msondo. Majina yote mawili ni ya ngoma za asili za Wazaramo, wenyeji wa mji huu, na msondo ni ngoma ndefu inayohusishwa na unyago. Kwa hiyo beti za rumba zina damu ya Kuba iliyopitia Kongo, lakini wimbo ukichemka unarudi uwanjani, kwa maana ya duara la wachezaji, mwito na kiitikio.

Ndiyo maana hata soul, muziki wa Wamarekani weusi ambao mwaka 1969 viongozi waliupiga marufuku hapa mjini kwa hoja ya kulinda utamaduni, haukwepi chemko leo unapopigwa baa. Bendi za vijana zinazochanganya soul, gitaa kavu, zeze na marimba hupigiwa makofi ya adabu wakati wa nyimbo za taratibu, na mpiga drams mwenye busara hasubiri adabu hiyo iishe: huongeza kasi kwenye kiitikio cha mwisho, mwimbaji akaacha beti zake na kuanza kutaja majina ya meza za mbele.

Chemko halina urefu maalumu. Katika rekodi hukatwa ili wimbo utoshe, lakini jukwaani kiongozi wa bendi hutazama sakafu, si saa, na watu wakiwa bado wamejaa huwaashiria wenzake kwa kidole wazunguke tena. Akiinua ngumi, wote hunyamaza kwenye pigo moja, na wahudumu ndipo hupata nafasi ya kupita na chupa.