Lisbon: tunayoambiwa na yaliyo kweli

Naishi Lisbon, mji mkuu wa Ureno, mwaka wa sita sasa, na kila kiangazi kikifika nyumba yangu hugeuka kituo cha wageni. Mwaka jana alikuja shangazi yangu kutoka Malindi. Hakuwa na orodha ya mahali pa kupigia picha. Alikuwa na swali moja, na alilirudia kila tuliposimama: "Na hiki, mwanangu, kimejengwa lini?"

Swali hilo lilinitoa jasho. Mengi niliyokuwa nikiwasimulia wageni nilikuwa nimeyaokota barabarani, kwa waongoza watalii na kwenye vibao vya maduka ya zawadi. Nilipoanza kuyafuatilia moja baada ya jingine, nikakuta nusu yake hayasimami. Nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote anayefunga mizigo kuja huku.

"Huu ni mji wa kale ambao haujaguswa"

Umeguswa sana. Jumamosi, tarehe 1 Novemba 1755, ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Watu walikuwa wamejaa makanisani, mishumaa inawaka, ardhi ilipotetemeka. Waliookoka vifusi wakakimbilia ukingo wa mto Tejo kwenye uwazi, na bahari ikawafuata huko huko kwa mawimbi. Kisha moto ukala kilichobaki kwa siku kadhaa. Ikulu ya mfalme pale Ribeira iliteketea pamoja na maktaba yake. Ukumbi wa opera uliokuwa kando yake ulikuwa na miezi saba tu tangu ufunguliwe.

Kwa hiyo mtaa wa Baixa unaoupita ukishuka kutoka Rossio kwenda mtoni, ule wenye barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari, si wa enzi za kati hata kidogo. Ni mji mpya uliopangwa baada ya tetemeko chini ya waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal. Ndani ya kuta zake kuna kitu ambacho mpita njia hakioni: fremu ya mbao iliyosukwa kwa mihimili ya kukingama, ambayo Wareno waliiita gaiola, yaani tundu. Ardhi ikitikisika, ukuta unaweza kumomonyoka lakini tundu linabaki limeshika nyumba. Kwangu mimi hilo linapendeza kuliko mapambo yote ya mtaa huo.

Ngome ya São Jorge iliyo juu ya kilima nayo inahitaji uangalifu. Mahali ni pa kale kweli. Afonso Henriques aliuteka mji huu kutoka kwa Waislamu mwaka 1147. Lakini umbo unalolipiga picha leo, ile minara na kuta zenye meno, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya ukarabati ulioanza mwaka 1938 chini ya serikali ya dikteta Salazar, iliyotaka ngome ionekane kama ngome. Majengo yaliyokuwa yameizonga yalibomolewa. Shangazi aliweka kiganja ukutani, akauliza swali lake, nami kwa mara ya kwanza nikawa na jibu la kweli la kumpa.

Ukitaka vichochoro vilivyosalimika na tetemeko, shuka Alfama. Jina lenyewe ni Kiarabu, linatokana na hamma, chemchemi ya maji moto. Aliyewahi kufika Hamamni pale Mji Mkongwe wa Zanzibar amekwisha kulielewa kabla hajaelezwa. Na vile vigae vilivyofunika kuta za nyumba, azulejo, havikuitwa hivyo kwa sababu ya rangi ya buluu, ambayo Wareno huiita azul. Neno limetoka kwenye Kiarabu, az-zulayj, jiwe lililong'arishwa. Vipo vya kijani, vya njano na vya kahawia. Kwenye Jumba la Makumbusho la Azulejo kuna picha ya vigae yenye urefu wa zaidi ya mita 20 inayoonyesha ukingo wote wa mji kabla ya 1755. Ndiyo njia iliyo karibu zaidi ya kuiona Lisbon iliyopotea.

"Kanisa la São Domingos liliungua wakati wa tetemeko"

Nimewasikia watu wengi wakilisema hili wakiwa ndani ya kanisa, wakizielekezea kidole nguzo zilizobabuka. Tetemeko lililiumiza, ni kweli, likajengwa tena. Lakini majeraha yale unayoyaona ni ya moto wa mwaka 1959. Kanisa lilifunguliwa tena mwaka 1994, na wakaamua kuyaacha makovu. Kuta zimebaki na rangi ya udongo uliochomwa, na mawe ya nguzo yamebanduka vipande kama mkate uliounguzwa ukoko.

Usitoke haraka ukikimbilia kituo kinachofuata. Simama nje, kwenye uwanja wake, uwatazame watu. Utawaona Waafrika wamekaa, wengi wao kutoka Guinea-Bissau, wanauza njugu za kola, wanaulizana habari za nyumbani.

"Waafrika walikuja Lisbon baada ya ukoloni kwisha"

Hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu hata sisi wenyewe tunaiamini. Hesabu ya mji iliyoandikwa mwaka 1551 ilitaja watumwa karibu 10,000 katika mji wa watu wapatao 100,000, na wengi wao walikuwa Waafrika. Ni mtu mmoja kati ya kila kumi, zaidi ya miaka mia tatu kabla ya ndege ya kwanza kutua hapa. Walibeba maji, walifua, walipakua meli, walipika majumbani. Pale pale São Domingos walikuwa na udugu wao wa Bibi wa Rozari, chama cha watu weusi, waliosaidiana kuzikana na hata kugomboana.

Mtaa wa Madragoa uliitwa zamani Mocambo, neno lililotoka Afrika. Na karibu na njia ya tramu namba 28 kuna barabara iitwayo Rua do Poço dos Negros, Barabara ya Shimo la Weusi. Mwaka 1515 mfalme Manuel aliandika barua akilalamika kwamba maiti za watumwa zinatupwa ovyo hadi zinaliwa na mbwa, akaamuru lichimbwe shimo lenye kina na liwe linamwagiwa chokaa. Wapo wanaosema jina la barabara linatokana na majoho meusi ya watawa waliokuwa na ardhi pale. Jina lina ubishi, barua haina. Leo pembeni kuna mikahawa mizuri, vijana wanakunywa kahawa kwenye jua. Shangazi alisimama chini ya kibao cha jina la mtaa, akafunga mtandio wake vizuri, akasoma Fatiha. Sikumharakisha.

"Mnara wa Belém ulikuwa katikati ya mto, tetemeko likausogeza ukingoni"

Mnara haukusogea, na mto haukuhama kwa tetemeko. Ulijengwa kati ya mwaka 1514 na 1519 juu ya mwamba uliokuwa majini, karibu na ukingo huu huu wa kaskazini. Nchi kavu ndiyo iliyoufuata polepole.

"Vasco da Gama amelala Jerónimos tangu alipokufa"

Alikufa Kochi, India, mkesha wa Krismasi mwaka 1524, akazikwa huko. Mifupa yake ililetwa Ureno baadaye, kwenye mji mdogo wa Vidigueira, na haikuhamishiwa kwenye monasteri ya Jerónimos hadi karne ya 19, mwaka 1880. Kaburi unaloliona ukiingia kanisani, lenye merikebu iliyochongwa ubavuni, ni la wakati huo. Monasteri yenyewe ni ya kale, ilianza kujengwa mapema karne ya 16 kwa fedha za kodi ya biashara ya viungo na bidhaa za Afrika na Asia. Shangazi, ambaye tangu utotoni amekuwa akiipita ile nguzo ya Vasco da Gama iliyo ufukweni kwetu, alikaa mbele ya kaburi muda mrefu. Kisha akauliza lile ambalo kila mtoto wa Malindi amelisikia: aliyemvusha bahari alikuwa Ahmad ibn Majid?

Wengi hulitaja jina hilo kama jambo lisilo na shaka. Ibn Majid alikuwa baharia mkubwa wa Uarabuni na mwandishi wa elimu ya bahari, na sifa zake hazihitaji kuongezewa. Lakini aliyemtaja kuwa ndiye aliyewaongoza Wareno ni mwanahistoria wa Makka aliyeandika miongo mingi baadaye, na hakuwapo. Wanahistoria wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja rubani aliyechukuliwa Malindi kwa jina la Malemo Cana, au Malemo Canaqua, na mmoja wao anasema alikuwa Mwislamu wa Gujarat. Sikiliza hilo neno la kwanza. Malemo ni maalimu, na katika vyombo vyetu vya kale malimu ndiye mjuzi wa njia ya baharini. Wareno walidhani wanaandika jina, kumbe wanaandika kazi ya mtu. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, na kabla ya mwezi mmoja kupita walikuwa wameiona India. Njia hiyo ilikuwa ya watu waliokuwa wakiipita kwa pepo za kusi na kaskazi vizazi na vizazi.

Kwa sababu hiyo nashindwa kulitamka jina la mnara ulio ng'ambo ya barabara bila kusita: Padrão dos Descobrimentos, Ukumbusho wa Ugunduzi. Wageni huudhania wa enzi za merikebu. Wa kwanza ulitengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1940, kwa vifaa visivyodumu, ukabomolewa. Huu wa zege na mawe ni wa 1960. Ile ramani ya marumaru iliyo chini yake, mnayoikanyaga mkipiga picha, ilikuwa zawadi ya Afrika Kusini ya wakati wa ubaguzi wa rangi. Pwani yetu imo. Ibn Battuta alikuwa amekwisha kuitembelea Kilwa mwaka 1331 na kuusifu uzuri wake. Mwaka 1505 kundi la meli lililotoka hapa mtoni, chini ya Francisco de Almeida, liliivamia Kilwa, kisha likaipora na kuichoma Mombasa.

"Tramu 28 ni gari la watalii"

Ni daladala ya watu wa vilimani, basi tu ni ya umeme na inapita kwenye reli. Bibi mwenye kapu la samaki aliyesimama huku umekaa unarekodi video anakwenda nyumbani kwake, mpishe kiti. Magari yenyewe muundo wake ni wa miaka ya 1930, mbao ndani, madirisha ya kushusha kwa mkono, na dereva anasimamia mtarimbo wa shaba kama nahodha. Usiipande Martim Moniz saa nne asubuhi, maana foleni itakula siku yako na wachomoaji wanakusubiri kwenye msongamano. Mimi nilichomolewa pochi humo mwezi wa pili tangu nifike, nikiwa nimeinua simu juu kupiga picha. Anzia upande wa pili, Campo de Ourique, kabla ya saa mbili.

Vigari vinavyopanda milimani kwa kebo navyo ni usafiri wa umma, cha kwanza kilianza karne ya 19. Cha Glória kiliporomoka tarehe 3 Septemba 2025 baada ya kebo kukatika, watu 16 wakafa. Ulizia kabla ya kwenda ni vipi vinafanya kazi, na ukipita pale, pita kwa heshima.

Lifti ya Santa Justa si kazi ya Eiffel. Aliyeibuni ni Raoul Mesnier du Ponsard, mzaliwa wa Porto, ikafunguliwa mwaka 1902. Kama foleni ni ndefu, panda kwa miguu hadi uwanja wa Carmo; utatokea juu kwenye daraja lake.

"Mkate na zeituni za mezani ni za bure"

Sivyo. Ukila, vinaingia kwenye bili. Usipovigusa, hupaswi kuvilipia, na hakuna ubaya kumwambia mhudumu avirudishe. Niliwahi kubishana na mkahawa mmoja hadi nikaona haya, kumbe nilikuwa nimekula jibini yao yote. Utamsikia mhudumu akiita mesa, copo, vinho. Sikio la Mswahili halihitaji kamusi hapo, maana meza, kopo na mvinyo tulivipata kwao.

"Daraja lile jekundu limejengwa na wajenzi wa Golden Gate"

Linafanana, lakini kampuni iliyolijenga, American Bridge, ndiyo iliyoshiriki kujenga daraja jingine la San Francisco, Bay Bridge. Lilifunguliwa mwaka 1966 likiitwa daraja la Salazar. Jina la sasa, 25 de Abril, ni tarehe ya mwaka 1974 ambapo wanajeshi waliochoshwa na vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji waliiangusha serikali. Waziri mkuu Marcelo Caetano alisalimu amri katika kambi iliyo uwanja wa Carmo, pale pale unapotokea ukikwepa foleni ya lifti.

Wenyeji watakuonyesha maua ya cravo (kwa Kiingereza carnation) kwenye mitutu ya bunduki, na ni kweli yalikuwepo. Lakini vita vilivyowachosha wale wanajeshi vilikuwa na upande wa pili. Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Nilimweleza shangazi hayo tukiwa kwenye kivuko cha kwenda Cacilhas, daraja linaonekana upande wa magharibi, treni inapita chini ya barabara ya magari. Akalitazama mpaka tukafunga gati, kisha akasema, "Hili sasa, mwanangu, nipige nalo picha."