Kesi ya polisi si dai lako la fidia

Katika ofisi za mawakili hapa Tanga kuna sentensi moja ambayo sasa naweza kuimalizia kabla mteja hajafika katikati: "Tulikuwa tunasubiri kwanza kesi ya polisi iishe." Huisema kijana aliyevunjika mguu kwenye barabara ya Segera, mama aliyegongwa na bodaboda Ngamiani, na mzee aliyekuwa ndani ya basi lililoacha njia karibu na Hale, na wote huisema kwa utulivu wa mtu anayeamini kwamba amefanya jambo la busara. Mimi huuliza tarehe ya ajali, nikahesabu, na mara nyingine hesabu hiyo ndiyo inayofunga mazungumzo. Zipo dhana nyingine potofu kuhusu madai ya fidia ya majeraha, na nitazigusa, lakini hii nitaipa nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu ndiyo inayomfikisha mtu mwenye haki kamili mahali ambapo hakuna hakimu awezaye kumsaidia.

Dhana: Dereva akishashtakiwa, fidia itafuata yenyewe

Ajali moja huzaa mambo mawili ambayo hayategemeani. La kwanza ni jinai, ambapo Jamhuri humshtaki dereva chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Katika shauri hilo majeruhi si mdai; ni shahidi tu, na asipoitwa anaweza hata asijue kwamba limekwisha. Dereva akitozwa faini, fedha hiyo huenda Serikalini. Akifungwa, au akinyang'anywa leseni, hakuna hata shilingi moja inayoingia kwenye bili ya hospitali. Ni kweli kwamba mahakama ya jinai inaweza kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeumia, lakini jambo hilo limeachwa kwenye uamuzi wa mahakama yenyewe, na anayeamriwa ni dereva, ambaye mara nyingi hana kitu, wala si mwenye basi na kampuni yake ya bima.

La pili ni madai. Hapa ni wewe uliyeumia dhidi ya dereva aliyekuwa na uzembe, pamoja na mwenye chombo ikiwa dereva huyo alikuwa akimfanyia kazi yake. Shauri hili halifunguliwi na polisi, wala mwendesha mashtaka, wala hakimu aliyesikia kesi ya dereva. Usipolifungua wewe, halipo. Nimewahi kuambiwa na mteja kwamba "faili liko Chumbageni, wanalishughulikia", na nikalazimika kumweleza kwamba faili lililoko kituo cha polisi ni la Jamhuri, na kwamba dai lake yeye halijaandikwa mahali popote duniani.

Ubaya wa kusubiri uko kwenye Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89. Dai linalotokana na uzembe, kwa maana ya madhara yasiyotokana na mkataba, lina miaka mitatu tangu siku haki ya kudai ilipozaliwa, na kwa ajali ya barabarani siku hiyo ni siku ya ajali. Haihesabiwi kuanzia siku uliyotoka hospitalini, wala siku dereva aliyohukumiwa. Shauri likifunguliwa nje ya muda, mahakama inapaswa kulitupa hata kama mdaiwa mwenyewe hakuligusia suala hilo. Wateja wengi hudhani ukomo ni hila ya mawakili wa bima, na kwamba hakimu mwenye huruma anaweza kufumba macho. Hawezi, kwa kuwa sheria imemfunga mikono.

Kuna mambo machache yanayozuia muda usihesabike. Aliyeumia akiwa mtoto, miaka yake mitatu huanza kuhesabiwa anapofikisha miaka 18. Vivyo hivyo, aliyekuwa hana akili timamu haki yake ilipozaliwa hungojewa hadi apone. Muda ambao mtu aliutumia kwa nia njema na kwa bidii katika shauri lingine la madai, akagundua baadaye kwamba mahakama ile haikuwa na mamlaka, unaweza kuondolewa kwenye hesabu. Kesi ya jinai ya dereva haimo katika orodha hiyo. Hata kama imeahirishwa mara ishirini kwa sababu mpelelezi amehamishwa au shahidi haonekani, saa yako inaendelea kugonga.

Mazungumzo na kampuni ya bima nayo hayamo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshasema wazi kwamba majadiliano ya nje ya mahakama hayasimamishi muda wa ukomo, lakini bado naletewa bahasha zilizojaa barua za upole, "dai lako linafanyiwa kazi", "tafadhali wasilisha nakala nyingine ya cheti", ambapo ya mwisho imeandikwa wiki chache baada ya mwaka wa tatu kutimia na upole wake umepungua ghafla. Sisemi kwamba kila afisa wa madai anavuta muda kwa makusudi. Nasema kwamba hata asipokusudia, anayefaidika na kuchelewa si wewe.

Je, kesi ya polisi haina faida basi? Inayo, tena kubwa, ila inapaswa kutumiwa kama ushahidi na si kama kituo cha kusubiria basi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita au rufaa ikishaamuliwa, huchukuliwa kuwa uthibitisho usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani alitenda kosa hilo. Dereva aliyekiri mbele ya hakimu kwamba aliendesha kwa uzembe hawezi kuja kwenye shauri la madai akasema barabara ilikuwa na utelezi tu. Kesi nyingi za usalama barabarani huisha haraka, dereva anakiri, analipa faini na kurudi kazini, kwa hiyo mtume ndugu yako mapema aulize namba ya kesi na kuomba nakala zilizothibitishwa za mwenendo na hukumu. Na mashtaka yakiondolewa kwa sababu mashahidi hawakufika, usikate tamaa, kwa maana mahakama ya madai haihitaji kuthibitishiwa pasipo kuacha shaka. Inapima tu ni upande gani wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wa kweli.

Utaratibu ninaousisitiza, hadi wenzangu ofisini wamechoka kuusikia, ni huu: chukua bahasha moja ya kaki, andika juu yake tarehe ya ajali kwa wino mwekundu, na chini yake andika tarehe ya miaka miwili baadaye. Si mitatu, ni miwili. Siku hiyo ikifika kabla hujalipwa, wakili aanze kuandika hati ya madai, hata kama kesi ya dereva bado inaahirishwa na hata kama bima bado wanakuandikia barua nzuri. Ndani ya bahasha ziwemo nakala ya PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, iliyojazwa na daktari, taarifa ya polisi ya ajali, mchoro wa tukio, ripoti ya ukaguzi wa gari, picha ya namba za gari, na majina ya watu wawili watatu walioshuhudia. Namba ya gari inatosha kuhakiki bima yake kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa simu ya kawaida yenye intaneti.

Dhana: Kumalizana kituoni hakunizuii kudai baadaye

Hii ni ndugu wa karibu wa ile ya kwanza. Mwenye gari anakuja wodini hospitali ya Bombo na matunda, anazungumza na wazee, anatoa laki tatu "za dawa", na kabla hajaondoka anaomba saini kwenye karatasi. Msaada wa dawa haukuharibii dai lako. Kinacholiharibu ni sentensi moja iliyo chini ya karatasi hiyo, isemayo kwamba umepokea malipo yote na huna madai mengine. Makubaliano yaliyofanywa kwa hiari na watu wazima wenye akili timamu yanawafunga, na ingawa yanaweza kupingwa yakipatikana kwa shinikizo au udanganyifu, kulithibitisha hilo ni kazi nzito inayokaa mabegani mwako. Unapopokea fedha, andika mwenyewe: "Nimepokea kiasi hiki kwa ajili ya matibabu, na si malipo ya mwisho." Akikataa kutia saini chini ya maneno hayo, umejua alichokuja kutafuta. Na usikubali malipo ya mwisho kabla daktari hajaandika kama kuna ulemavu wa kudumu. Mguu uliofungwa plasta leo hauwezi kukadiriwa bei leo.

Nyingine, kwa ufupi

"Gari lilikuwa na bima ndogo tu, kwa hiyo hakuna cha kulipwa." Ni kinyume chake. Bima ndogo, yaani ya mtu wa tatu, ndiyo ambayo Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inaifanya ya lazima, na imewekwa kwa ajili ya watu wanaoumizwa na chombo hicho. Tofauti ya bima kubwa ni kwamba inamfaa pia mwenye gari kwa hasara ya gari lake. Ukishinda dhidi ya mwenye gari, kampuni ya bima inawajibika kulipa hukumu hiyo, mradi ilipewa taarifa ya shauri ndani ya muda mfupi uliowekwa. Wakili anayesahau taarifa hiyo anastahili kuulizwa maswali magumu. Abiria wa basi, daladala au bodaboda, kwa kuwa analipa nauli, amo ndani ya kinga hii ya lazima. Aliyepewa lifti ya bure kwenye gari la rafiki hayumo kwa lazima, na kwake ni muhimu kusoma hati ya bima yenyewe.

"Aliyenigonga alitoka Mombasa, ameshavuka Horohoro." Gari la Kenya linaloingia kwetu likiwa na kadi ya njano ya COMESA lina kinga ya mtu wa tatu inayotambuliwa hapa, kwa kiwango cha sheria ya hapa. Piga picha ya kadi hiyo gari likiwa bado kituoni.

"Bila PF3 hospitali haitibu." Majeruhi wa dharura hutibiwa kwanza na fomu ikafuata. Tatizo ninaloliona mimi ni la upande wa pili: fomu inachukuliwa, haijazwi na daktari, hairudishwi polisi, na mwaka mmoja baadaye inapatikana chini ya godoro ikiwa imeloa.

"Sikuvaa kofia ngumu, basi kosa ni langu." Kuchangia kosa hupunguza fidia, hakuifuti. Mahakama ikiona hasara yako ni shilingi milioni 20 na mchango wako ni robo, utapata milioni 15.

"Nilikatwa vidole kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, lakini nilikosea mwenyewe." Mfanyakazi wa shamba la mkonge, bandarini au kiwandani aliyeumia kazini hahitaji kuthibitisha uzembe wa mwajiri ili apate mafao ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi tarehe 1 Julai 2015. Michango yote hulipwa na mwajiri. Anayekukata mshahara kwa ajili hiyo anavunja sheria. Ripoti ajali siku hiyohiyo, na usiridhike na ahadi ya meneja kwamba "tutakutazama".

"Gari lilikuwa la halmashauri, na Serikali haishtakiwi." Inashtakiwa, lakini kwanza unatoa notisi ya siku 90, kisha unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kufungua shauri Mahakama Kuu, na tunayo masjala yake hapahapa Tanga. Angalizo: dai la fidia kwa kitendo kinachodaiwa kufanywa katika kutekeleza sheria lina ukomo wa mwaka mmoja tu, kwa hiyo penye chombo cha umma ile bahasha yangu ya miaka miwili haitoshi, muone wakili mwezi huohuo.

"Wakili, tuandike milioni 500." Kuandika ni rahisi. Fidia ya jumla, yaani ya maumivu na maisha yaliyovurugika, hukadiriwa na mahakama kwa busara yake, na tarakimu kubwa kwenye hati haimtishi mtu. Fidia mahususi, yaani fedha zilizokutoka na kipato ulichokosa, ni lazima itajwe kipengele kwa kipengele na kuthibitishwa kikamilifu, na hapa ndipo madai mengi ya kweli yanapopungua, kwa sababu mteja anakumbuka kila alichotumia na hana karatasi. Dai risiti ya kila dawa. Muuza samaki wa soko la Deep Sea asiye na hati ya mshahara aanze kutunza daftari lake la mauzo na majina ya anaofanya nao biashara. Na dereva wa bodaboda anayekupeleka kliniki kila Jumatatu hatoi risiti, lakini anaweza kuandika kwenye karatasi tarehe, safari na nauli, akatia saini na namba yake ya simu. Mwombe afanye hivyo kila safari, maana mwisho wa mwaka hatazikumbuka.