Saratani ya ini: dawa za Kichina pamoja na za hospitali

Maswali haya huulizwa na familia nyingi za Kigoma, kuanzia Ujiji hadi Kibondo, mgonjwa wao akishaambiwa ana saratani ya ini.

Swali: Shikamoo daktari. Mzee wetu ameanzishiwa vidonge vya saratani ya ini. Shemeji ametuma dawa za Kichina kutoka Dar. Ameze zote?

Jibu: Marahaba. Msimpe kwanza. Pelekeni pakiti yenyewe kwa daktari anayemtibu, kwa sababu "dawa za Kichina" ni mamia ya vitu tofauti na jina hilo halimwambii chochote. Vidonge kama sorafenibu huvunjwavunjwa na ini, lile lile linaloumwa. Mitishamba mingine hulifanya ini liivunje dawa haraka ikakosa nguvu, na mingine huichelewesha mwilini ikazidi kipimo. Kuna mzizi mtamu uitwao gancao, unaotiwa katika dawa nyingi za Kichina. Ukinywewa kwa wingi na kwa muda mrefu hupandisha presha. Sorafenibu na lenvatinibu, kidonge kingine cha saratani ya ini, nazo hupandisha presha. Mzee akitumia vyote bila kupimwa, mnamtafutia kiharusi.

Swali: Mbona Wachina wenyewe huchanganya?

Jibu: Huchanganya kweli, na sipendi wanapobezwa. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa huaier, dawa itokanayo na uyoga unaoota kwenye miti, uliofanyika katika hospitali 39 za China kwa wagonjwa zaidi ya 1,000. Baada ya wiki 96, saratani ilikuwa haijarudi kwa takriban asilimia 62 ya waliopewa huaier, na asilimia 49 ya wasiopewa. Hayo si matokeo ya kupuuza. Ila wagonjwa wale walikuwa wameshafanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe, dawa ilitoka kiwandani ikiwa na kipimo kinachojulikana, na kundi la pili halikupewa dawa tupu ya kufananishia, kwa hiyo kila mtu alijua nani anakunywa nini. Utafiti huo hautuambii lolote kuhusu mzee ambaye uvimbe wake haujaondolewa, wala kuhusu unga usio na lebo.

Sisi wenyewe tunaitumia kazi ya Wachina kila siku. Dawa mseto ya malaria ina kiini kilichotokana na mmea wa Kichina, na Tu Youyou aliyekigundua alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini hospitali hazikupewa majani ya kuchemsha. Kiini kilitolewa, kikapimwa, kikaunganishwa na dawa nyingine kwa kiasi maalumu. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio ninaouunga mkono.

Swali: Si ni majani tu?

Jibu: Mimea ya jamii ya aristolochia, iliyotiwa katika baadhi ya dawa za Kichina, imeharibu figo za watu wengi, na alama za sumu yake zimeonekana ndani ya saratani za ini huko Taiwan. He shou wu, mzizi wa Kichina unaouzwa ili kurudisha weusi wa nywele, umewaumiza watu maini.

Swali: Dawa za hospitali zinaponya?

Jibu: Uvimbe mdogo uliowahiwa unaweza kuondolewa kwa upasuaji na mtu akapona. Ukishasambaa, dawa huongeza muda. Katika utafiti mkuu wa sorafenibu, nusu ya waliopewa dawa waliishi zaidi ya miezi 10.7, kwa waliopewa kidonge kitupu ilikuwa miezi 7.9. Tangu 2020 wanaotibiwa kwa dawa mbili za dripu, atezolizumabu na bevasizumabu, pamoja wamepata nafuu kubwa zaidi, ingawa gharama yake ni nzito mno. Naumia ninapoona familia imeuza shamba kununua makopo ya mitishamba, halafu nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar, ikakosekana uvimbe ungali mdogo.

Swali: Ameshaanza kuzinywa kwa siri. Tufanyeje?

Jibu: Mwambieni daktari wake leo, bila aibu, na asiache vidonge vya hospitali. Macho yakizidi kuwa ya njano, akitapika damu, akipata choo cheusi au akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali ya mkoa ya Maweni saa hiyo hiyo.

Swali: Na sisi wa nyumbani?

Jibu: Pimeni homa ya ini aina ya B, kwa kuwa virusi vyake huweza kuleta saratani ya ini. Chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto wachanga nchini mwaka 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata. Asiye na virusi achanjwe. Aliye navyo afuatiliwe, na daktari akiona inafaa ataanzishiwa tenofovira, dawa ya kuvidhibiti virusi hivyo. Tazameni pia mahindi na karanga. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu inayoweza kuleta saratani ya ini, haimalizwi kwa kukaanga wala kuchemsha. Huko Qidong, China, saratani ya ini ilipungua baada ya watu kuacha mahindi yenye sumukuvu na kula wali. Karanga zilizoota ukungu zitupeni, msizisage wala msiwape kuku.