Umeneja wa mpito: dhana potofu na ukweli wake

Wapo wanaoidharau kazi ya umeneja wa mpito, yaani kushika cheo cha uongozi katika kampuni kwa mkataba wa muda mfupi, na wapo wanaoikimbilia, na mara nyingi pande zote mbili hazijaielewa.

Dhana: Ni kimbilio la waliokosa ajira.

Kampuni inayomtafuta meneja wa mpito huwa imebanwa. Mkurugenzi wa fedha ameondoka ghafla, kampuni mbili zinaunganishwa, au tawi linafungwa na hakuna aliyewahi kufunga tawi. Haina muda wa kumfundisha mtu. Inamtaka aliyewahi kushika cheo kama hicho au kikubwa zaidi, tena awe tayari kuanza wiki ijayo. Kazi hii ilianza kushika mizizi Uholanzi miaka ya 1970, kampuni zilipohitaji viongozi wazoefu bila kujifunga na ajira za kudumu ambazo kuzivunja ni gharama. Kama bado unapanda ngazi, ni mapema mno.

Dhana: Malipo ya siku ni makubwa, kwa hiyo utatajirika.

Hapa ndipo wengi huumia, kwa hiyo tupige hesabu. Kuna kanuni ya mkato inayotumika sana Uingereza: malipo ya siku moja ni kama asilimia 1 ya mshahara wa mwaka wa cheo hicho. Ukifanya kazi siku 100 kwa mwaka, umefikia mshahara tu. Ukifanya siku 150, umeuzidi kwa nusu. Inapendeza, sivyo? Sasa toa bima ya afya, akiba ya uzeeni, kodi unayoilipa mwenyewe, likizo isiyo na malipo na siku za kuugua. Toa pia miezi ya katikati, mkataba mmoja umekwisha na mwingine haujapatikana. Mikataba mingi ni ya miezi kadhaa tu, na pengo la miezi mitatu si ajabu. Anayelipa mkopo wa nyumba kila mwezi bila akiba ya angalau nusu mwaka, mimi singemshauri aache ajira.

Dhana: Ni ushauri kwa jina lingine, au ni kukaimu tu.

Mshauri hukabidhi ripoti akaondoka. Meneja wa mpito anakalia kiti chenyewe: anaidhinisha malipo, anaongoza watu, na anayelaumiwa mambo yakiharibika ni yeye. Kaimu naye ana dawati lake la kurudia, wewe huna. Siku ya kwanza unakabidhiwa kompyuta bila nywila ya kuifungulia, na mezani kuna rundo la ankara zilizokwama kwa sababu hakuna ajuaye nani anapaswa kuzisaini. Walio chini yako wanajua tarehe utakayoondoka, na yupo anayepanga kukuvumilia hadi ipite. Kama unahitaji mwaka mzima kuzoeana na watu kabla ya kuamua jambo, utateseka.

Dhana: Ni mlango wa nyuma wa kupata ajira ya kudumu.

Hutokea. Lakini ukianza kukitamani kiti, unaanza kuogopa kuwaudhi wale utakaowaomba ajira, ilhali umeitwa uyaseme yale ambayo wa ndani hawawezi kuyasema.

Dhana: Mawakala watakutafutia kazi.

Mawakala wapo, ila humpendelea aliyekwisha kukamilisha mkataba kama huo. Ule wa kwanza kwa kawaida hutoka kwa mtu anayekufahamu. Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, orodhesha watu wenye mamlaka ya kuajiri waliowahi kukuona kwa macho yao ukinusuru jambo lililokuwa linazama. Wapigie wachache, usiwaombe kazi. Waulize wangekuita kwa tatizo gani. Wakikujibu “tatizo lolote”, bado hawajui wakutumie wapi, na huenda hata wewe hujui.