Marekebisho ya Sheria Mbalimbali: maana yake, na kwa nini yanakuhusu

Ukisikia Bunge la Tanzania limepitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, usidhani ni sheria yenye jambo lake moja. Ni sheria inayokusanya marekebisho mafupi ya sheria nyingi zisizohusiana na kuyapitisha kwa mkupuo. Kila sheria inayoguswa hupewa sehemu yake katika muswada, kwa lugha ya kifundi: kifungu fulani kinarekebishwa kwa kufuta maneno haya na badala yake kuweka maneno yale. Asiye na sheria mama, yaani ile inayorekebishwa, mkononi haambulii kitu. Afadhali aanzie mwishoni, kwenye Madhumuni na Sababu, ambako Serikali hueleza inataka nini.

Utaratibu huu una mantiki. Jina la cheo limebadilika, au kifungu kinarejea sheria iliyokwisha kufutwa: hakuna haja ya kupeleka bungeni muswada mzima kwa hilo peke yake. Lakini ufupi wa maneno haukuambii uzito wa jambo, na hapo ndipo wananchi wengi huachwa nyuma.

Chukua huduma za kisheria za Serikali. Februari 2018, kwa amri za Rais zilizotangazwa katika Gazeti la Serikali, kazi zilizokuwa chini ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali ziligawanywa. Ofisi yake ikabaki na ushauri wa kisheria na uandishi wa sheria. Kesi za madai na usuluhishi zikaenda Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, na mashtaka ya jinai yakawa chini ya Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Kwa mtu wa kawaida hilo linaonekana ni suala la nani akae ofisi gani.

Kisha ikaja Sheria Na. 1 ya 2020, ya marekebisho ya sheria mbalimbali, ikagusa pia Sheria ya Mashauri ya Serikali, ambayo ni Sura ya 5 katika vitabu vya sheria za nchi. Mistari michache tu, lakini mizito. Anayeshtaki halmashauri, wakala wa Serikali au shirika la umma akatakiwa kufuata utaratibu ule ule wa kuishtaki Serikali yenyewe: notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, shauri lifunguliwe Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe kama mdaiwa wa lazima. Asipounganishwa, mwenendo wote wa shauri ni batili.

Sasa fikiria mtu anayedai halmashauri ya wilaya imechukua kiwanja chake. Zamani angetoa notisi kwa halmashauri yenyewe, akaenda kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Akifanya hivyo leo, wakili wa Serikali atasimama na pingamizi la awali, na shauri litaondolewa kabla shahidi hata mmoja hajasikilizwa. Haki yake ya kudai bado ipo, ila ameshapoteza muda na nauli, na sasa anaanza upya kwa kuhesabu siku 90. Kwangu mimi, badiliko linalomhamisha mwananchi kutoka baraza la karibu hadi Mahakama Kuu si dogo, hata kama limeandikwa kwa aya moja.

Nafasi ya kusema ipo, ila ni fupi. Baada ya kusomwa mara ya kwanza, muswada hupelekwa kwenye kamati ya Bunge, ambayo hualika wadau kutoa maoni. Ukija kwa hati ya dharura, yaani kwa kuharakishwa, muda huo hubana zaidi. Chama cha wanasheria huweza kujipanga haraka. Kikundi cha wakulima hakiwezi, labda awepo mtu wa kuwasomea muswada mapema.

Na ukishika kitabu cha sheria, tazama kwanza ni Toleo la Urekebu, yaani chapa ya sheria iliyokwisha kuingizwa marekebisho, la mwaka gani. Sura ya 5 iliyo katika toleo la 2002 haina lolote kati ya hayo ya 2020, na mahakama haitakubali utetezi kwamba nakala yako ilikuwa ya zamani.