Kilomita Ulizokosa Hazilipwi: Maandalizi ya Ultramarathoni Unapougua, Unapolea na Unapobanwa na Kazi

Ultramarathoni ni mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195 za marathoni. Zinazofahamika zaidi ni za kilomita 50, 80, 100 na 160, na maandalizi yake kwa kawaida huchukua miezi minne hadi sita. Katika muda huo, mtu mwenye ajira na watoto ataugua, atakesha na mgonjwa, na atapitia wiki ambazo kazi itamfuata hadi kitandani. Programu ya mazoezi isiyo na nafasi ya mambo hayo ina kasoro tangu siku iliyoandikwa.

Kasoro hiyo hujitokeza kwa namna moja inayojirudia mno. Mkimbiaji aliyepangiwa kilomita 70 kwa wiki anashikwa na mafua makali Jumatatu. Kufikia Ijumaa amekosa kilomita 40. Usiku huo anasikia nafuu, basi Jumamosi na Jumapili anazikimbia zote 70 ili daftari lisibaki na pengo. Daftarini wiki imekamilika. Mwilini, mifupa na kano zilizozoea mzigo huo kwa siku sita zimeubeba kwa siku mbili, tena zikiwa zimetoka kwenye homa. Wiki inayofuata kikohozi kinarudi, au mfupa wa muundi unaanza kuuma, na pengo la siku tano linageuka la wiki tano. Ndiyo maana tunaweka kanuni moja mbele ya nyingine zote: kilomita ulizokosa hazilipwi. Unaendelea na programu kuanzia siku uliyopo, si kuanzia siku uliyoachia.

Kinachowasukuma watu kulipa ni hofu ya kupoteza mazoezi, na kwa sehemu kubwa hofu hiyo haina msingi. Katika siku chache za kupumzika kinachopungua kwanza ni majimaji ya damu. Ndiyo sababu unaporudi barabarani mapigo ya moyo hupanda hata kwa mwendo wa taratibu. Majimaji hayo hurejea haraka. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni hauguswi sana katika siku kumi za mwanzo. Baada ya wiki mbili hadi nne hupungua kwa asilimia kadhaa, nao hujengeka tena kwa mazoezi ya kawaida.

Akiba ni moja

Homa, usiku wa kukesha, ugomvi nyumbani, kazi iliyochelewa kukabidhiwa na kilomita 30 za milimani vyote huchota kwenye akiba ileile ya kupona. Homoni za msongo hupanda, usingizi huwa mwepesi, na misuli huchelewa kujikarabati. Tafiti zimeonyesha kuwa watu wenye msongo mkubwa wa maisha hukawia zaidi kurudisha nguvu za misuli baada ya zoezi zito kuliko wenye msongo mdogo. Usingizi nao hugusa kinga moja kwa moja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu wazima 164 waliwekewa puani, kwa ridhaa yao, virusi vya mafua. Waliokuwa wakilala chini ya saa sita kwa usiku walikuwa na uwezekano wa kupata mafua zaidi ya mara nne ya wale waliolala zaidi ya saa saba.

Kwa hiyo kilomita peke yake ni kipimo hafifu. Ongeza cha pili: zidisha dakika za zoezi kwa ugumu uliousikia, kuanzia 0 hadi 10, na uandike ugumu huo kama nusu saa baada ya kumaliza. Dakika 90 zenye ugumu wa 3 ni pointi 270. Njia ileile kwa kasi ileile, baada ya usiku wa saa nne za usingizi, huweza kuwa na ugumu wa 6, yaani pointi 540. Daftari la kilomita halitaona tofauti, ilhali mwili umegharimika maradufu. Jumlisha pointi kila wiki. Zikipanda huku kilomita ziko palepale, tafuta kinachokula akiba nje ya mbio.

Kipimo cha tatu hakihitaji kifaa chochote zaidi ya saa. Kila asubuhi, kabla ya kuinuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Wiki mbili za siku za kawaida zitakupa wastani wako. Yakizidi wastani kwa matano hadi saba, kimbia polepole tu. Yakizidi kwa kumi au zaidi, hasa kama koo linawasha au hukulala vizuri, pumzika. Huenda ugonjwa uko njiani na dalili bado. Pombe ya jana usiku na joto kali pia huyapandisha, kwa hiyo usiamue kwa namba hiyo pekee. Na ukitumia dawa za shinikizo la damu za kundi la beta bloka, ambazo hushusha mapigo, acha kipimo hiki na utegemee kile cha ugumu.

Unapougua

Katika tiba ya michezo shingo hutumika kama mpaka. Dalili zikiwa juu ya shingo tu, yaani pua inatiririka, unapiga chafya au koo linawasha kidogo, unaweza kujaribu dakika 10 za mwendo wa taratibu. Ukizidiwa, geuza urudi nyumbani. Ukiwa sawa, endelea hadi dakika 30 au 40, bila kasi na bila mlima. Dalili zikishuka chini ya shingo, kama kikohozi cha kifuani, kubanwa na pumzi, maumivu ya mwili mzima, kutapika au kuhara, usikimbie kabisa. Homa haina mpaka: joto la mwili likifika nyuzi 38 za Selsiasi, hata kama huna dalili nyingine, viatu vikae.

Sababu zake ni nzito. Kila nyuzi moja ya homa huongeza takriban mapigo kumi kwa dakika, na mwili huwa tayari umepoteza maji. Hatari kubwa zaidi ni kwamba baadhi ya virusi huingia kwenye misuli ya moyo na kuivimbisha, na juhudi kubwa wakati huo huweza kuvuruga mpigo wa moyo hadi kusababisha kifo cha ghafla. Katika wiki zinazofuata maambukizi, ukisikia maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, kuzimia, au pumzi kukatika kwa mwendo uliokuwa rahisi kwako, acha mazoezi na ukapimwe moyo. Uvimbe huo ukithibitishwa, kwa kawaida mwanamichezo husimamishwa kwa miezi mitatu hadi sita, na hurudi kwa ruhusa ya daktari tu.

Penye malaria, homa ipimwe siku hiyohiyo, isisingiziwe uchovu wa mbio. Malaria hupunguza damu, na kipimo kinachoonyesha kuwa vimelea vimekwisha hakimaanishi kwamba damu imejaa tena. Ukibaki na pumzi fupi baada ya kumaliza dozi, omba kipimo cha wingi wa damu kabla ya kuongeza kilomita.

Hesabu ya kurudi huanza baada ya saa 24 bila homa, na bila dawa ya kuishusha. Siku ya kwanza tembea dakika 30. Siku ya pili kimbia dakika 20 hadi 30 kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima. Asubuhi ya tatu tazama mapigo: yakiwa yamerudi kwenye wastani, nenda nusu ya zoezi lako la kawaida; yakiwa juu, rudia siku ya kwanza. Tunashauri pia kwamba kwa kila siku uliyokuwa na homa, ipite siku moja ya mwendo mwepesi kabla ya zoezi lolote la kasi. Mbio ndefu hurudi mwisho, na ya kwanza iwe nusu ya ile uliyoifanya kabla ya kuugua. Aliyetoka kuhara asubiri hadi amekula kawaida kwa siku nzima na mkojo wake umekuwa mweupe, maana mwili umepoteza maji, chumvi na wanga uliohifadhiwa kwenye misuli kwa pamoja.

Dawa zinahitaji tahadhari ambayo wengi hawaipewi. Ibuprofeni na diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo. Ukichanganya hilo na upungufu wa maji na mabaki ya misuli iliyochakaa kwa saa nyingi za kukimbia, figo zinaweza kushindwa kazi. Usizitumie kabla ya mbio ndefu wala katikati yake. Mkojo wa rangi ya kahawia iliyokolea baada ya kukimbia ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo. Siprofloksasini na antibiotiki za jamii yake hudhoofisha kano, hasa ile nene ya kisigino, ambayo inaweza kukatika hata wiki kadhaa baada ya dozi kwisha. Mwambie daktari kwamba unakimbia masafa marefu kabla hajakuandikia. Dawa za kuzibua pua zenye pseudoefedrini hupandisha shinikizo la damu na mapigo, na kiwango chake kikizidi kwenye mkojo siku ya mashindano huhesabiwa kuwa dawa iliyokatazwa michezoni.

Kazi inapobana

Jiulize kwanza kazi inakunyang'anya nini. Ikichukua saa tu, lakini unalala vizuri na kichwa kimetulia, fupisha mazoezi na ubakize kasi. Mazoezi mawili makali ya kukimbia kwa wiki huweza kuulinda uwezo wa kutumia oksijeni kwa wiki kadhaa, ingawa ustahimilivu wa saa nyingi hupungua kidogo. Ikichukua usingizi na utulivu, fanya kinyume: ondoa kasi yote na ubaki na mwendo mwepesi wa dakika 30 hadi 50. Wengi hufanya kosa hapa, wakidhani zoezi kali litawatoa msongo. Kwa saa moja litawapa nafuu, lakini usiku wa manane watakuwa macho.

Ukilala chini ya saa sita, kengele ya saa kumi na moja alfajiri izimwe. Saa moja ya usingizi itakufaa kuliko kilomita nane. Kahawa ikome mchana, kwani nusu ya kafeini huwa bado mwilini baada ya saa tano hivi. Anayefanya zamu ya usiku asikimbie masafa marefu moja kwa moja kutoka kazini, alale kwanza. Anayesimama au kubeba mizigo kutwa nzima ahesabu hilo kama mzigo wa miguu, kwa sababu ndivyo ulivyo.

Wiki za kazi nyingi huiba pia chakula. Mlo wa mchana ukirukwa siku tano huku kilomita zikiendelea, mwili huanza kubana matumizi: uzito unashuka bila kukusudiwa, mafua hayaishi, mifupa inapata nyufa ndogo. Mwanamke akikosa hedhi kwa miezi mitatu, asichukulie kuwa ni kawaida ya wakimbiaji, amwone daktari.

Nyumbani

Gharama ya mbio ndefu husemwa pungufu karibu kila mara. Saa tatu za kukimbia, ukiongeza kujiandaa, kusafiri, kuoga, kula na kujinyoosha kitandani, ni saa tano au zaidi ambazo mtu mwingine anabeba nyumba peke yake. Mwambie mwenza wako hesabu kamili kabla ya kulipia mashindano, na saa zake za kupumzika ziandikwe kwenye kalenda ileile zikiwa na uzito uleule. Makubaliano hayo huokoa maandalizi mengi kuliko viatu vipya.

Mbio ndefu si lazima ziwe kila wiki. Wiki moja kimbia mara moja kwa saa tatu hadi nne; wiki inayofuata gawanya mara mbili, saa mbili Jumamosi na saa moja na nusu Jumapili, zote zikiisha kabla ya familia kumaliza kifungua kinywa. Siku ya pili utakimbia na miguu iliyochoka, na hicho ndicho ultramarathoni inachodai. Kwa anayelenga kilomita 80, hatuoni sababu ya kuvuka saa tano katika zoezi lolote. Baada ya hapo uchovu unaongezeka kuliko faida.

Penye mtoto mchanga, lenga kudumisha tu. Mama aliyejifungua asianze kukimbia kabla ya wiki 12, na hata wakati huo mkojo ukivuja au akisikia uzito sehemu za chini, arudi kutembea na amwone mtaalamu wa misuli ya nyonga.

Wiki za aina tatu

Andika kila wiki ya programu kwa sura tatu. Wiki kamili ni ile iliyopangwa. Wiki nusu ina asilimia 50 hadi 60 ya muda, na mbio ndefu zimekatwa hadi kiwango hichohicho. Wiki ya kulinda ina mbio nyepesi mbili za dakika 30 hadi 40 na mazoezi mawili ya nguvu ya dakika 20: kuchuchumaa, kupanda kidato kwa mguu mmoja, kuinua visigino. Chagua sura Jumapili jioni kwa kutazama mapigo, usingizi na ratiba, na ruhusu kushuka katikati ya wiki, kamwe si kupanda. Zikipita wiki tatu za kulinda mfululizo ndani ya wiki nane za mwisho, badilisha uende kwenye mbio fupi zaidi.

Katika wiki mbili za mwisho kila mtu hupunguza muda wa mazoezi kwa asilimia 40 hadi 60, hivyo mafua mepesi hapo hayaharibu chochote. Homa katika siku tano za mwisho ni jambo jingine: usianze, na usimeze parasetamoli ili kuificha. Masharti ya kutoanza yaandikwe mwezi mmoja kabla, ukiwa na akili tulivu: joto la nyuzi 38 au zaidi, kuhara ndani ya saa 48, maumivu ya kifua, mapigo ya asubuhi yaliyozidi wastani kwa kumi siku mbili mfululizo. Karatasi hiyo apewe mwenza au rafiki atakayekusindikiza, na yeye ndiye akupime joto asubuhi ya mbio.